Insha 47, wote wamekimbia kama duma. Tamathali za semi nizifunze vipi?

MwalimuChaki (Kitui)

Habarini walimu na wapenzi wa lugha. Nimeketi hapa na insha 47 za kidato cha tatu na sijui kama nilie ama nicheke. Swali lilikuwa rahisi tu, andika kisa kitakachoanza kwa maneno "Mvua ilikuwa imeanza kunyesha...", na wakaandika, si eti hawakuandika, kuna mwenye amejaza kurasa tatu na nusu. Lakini wallahi ni kama nimesahihisha insha moja mara 47. Watu 29 wamekimbia kama duma. Wengine wamekimbia kama swara, na mmoja, sijui ni haraka ama ni nini, amekimbia "kama kobe aliyeona simba" (huyo hata nilimpenda kidogo). Moyo umedunda du du du kama ngoma karibu kila ukurasa. Mama wa kila mtu ni mrembo kama hurulaini. Na wahenga, jamani wahenga! Hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa walipolonga hiki, hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa walipolonga kile, kuna msichana amewaita mara sita kwa insha ya maneno 400, hata wao wangeomba kupumzika.

Sasa kabla mniambie ni uvivu wa watoto wacha nikiri, mimi ndiye nilianzisha. Wakiwa kidato cha kwanza niliwapa karatasi ya fotokopi yenye tashibihi 60 (zile mlinganisho za "kama") na "mianzo mizuri ya insha" 12, karatasi yenyewe mimi nilipewa na mwalimu wangu nikijiandaa kwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, enzi hizo insha ni dakika 40 na alama 40, na yeye labda alipewa na wake. Wakaikariri vizuri sana. Sasa wananirudishia.

Shida si kwamba hawazijui. Ukimwuliza sitiari ni nini atakwambia hata usingizini, tashihisi, takriri, chuku, zote anazo, na kwa karatasi ya fasihi anazitambua vizuri kwenye hadithi za wengine. Lakini akiandika yake sentensi inasimama hapo kama sanamu iliyovishwa kitenge. Kitenge kizuri, lakini hakuna mtu ndani. Nifanye nini? Na nikiwaambia watupe ile karatasi, mtahini hatawanyima alama kwa kukosa "mapambo"? Naomba majibu ya ukweli, si ya semina.

---

KalamuNyekundu

Pole na kazi mwalimu mwenzangu. Nimekaa kwenye meza za kusahihisha 102/1, karatasi ya insha ya KCSE, misimu kadhaa na hilo la "mapambo" ni uvumi unaosambaa shule kwa shule. Hakuna mahali mtahini anahesabu methali akiweka tiki tiki tiki. Insha ni alama 20, unaisoma, unaona iko kiwango gani, A ni 16 hadi 20, B ni 11 hadi 15, C ni 6 hadi 10, halafu ndio unaingia kwa makosa. Na kinachoiinua insha kutoka C kwenda B ni kama kisa kinaenda, kama msamiati umekaa mahali pake, kama mtoto ana kitu cha kusema. Mapambo yasiyokaa mahali pake yanamrudisha chini, kwa sababu ukishasoma insha mia mbili kwa siku, ukiona "hamu na ghamu" kwa mstari wa kwanza mkono wenyewe unaanza kuelekea kwa C kabla akili haijaamua. Si haki lakini ndivyo binadamu tulivyo.

Mimi darasani natumia kidole. Mwanafunzi anafunika tashibihi na kidole, anasoma sentensi bila hiyo tashibihi. Kama hakuna kitu kimepotea, basi ilikuwa stika tu, kama zile za nyuma ya matatu. "Nilikimbia kama duma." Funika. "Nilikimbia." Umepoteza nini? Hakuna. Na zaidi ya hapo ni uongo, duma anakimbia kasi ile kwa muda mfupi sana akimfukuza swara halafu analala chini anahema, sasa wewe umetoka shule hadi nyumbani kilomita tano mbio za duma, ulifika ukiwa hai kweli?

Halafu waulize, hiyo kitu umeiona wapi? Watoto wako wa Kitui wanaandika "mrefu kama mlingoti" na hakuna hata mmoja ameona mlingoti wa jahazi. Huko kwenu mna mibuyu imejaa kila mahali, mna punda wanabeba mitungi minne ya maji wakijua njia kuliko mwenye punda, mna mito ya mchanga inayokauka mpaka watu wanachimba shimo kutafuta maji chini. Mwanafunzi akiniandikia "koo langu lilikuwa limekauka kama mto wetu mwezi wa tisa, ukitaka maji lazima uchimbe", mimi mtahini nasimama. Hiyo haiko kwa fotokopi ya mtu yeyote.

Jambo lingine walimu tunasahau, swali la kwanza ni la lazima na huwa ni insha ya kiuamilifu, barua rasmi, kumbukumbu, memo, ripoti na kadhalika. Niliwahi kusoma kumbukumbu za mkutano wa chama cha mazingira ambapo "mwenyekiti aliufungua mkutano huku jua likitabasamu angani." Ajenda ya kwanza! Mtoto alikuwa ameambiwa pamba insha, akapamba. Kwa kumbukumbu jua halitabasamu, linakaa nje lingojee mkutano uishe.

---

Bakari wa Kisauni

Assalaam aleikum. KalamuNyekundu umenichekesha hapo kwa mlingoti, kwa sababu sisi huku milingoti tunayo na hata sisi watoto wetu wanaitumia vibaya. Mlingoti si urefu peke yake, ni mwembamba, umesimama peke yake, na upepo ukija unayumba kidogo. Ukisema mtu ni mrefu kama mlingoti ina maana unamwona akiyumba. Sasa mtu anamwandika baba yake "mrefu kama mlingoti, mnene kama nguruwe", huyo ni mtu gani?

Na hurulaini jamani, hao ni wanawake wa peponi walioahidiwa waja wema. Kumwita mama yako hurulaini... haya, mimi sisemi kitu.

Lakini nilitaka kusema habari ya tanakali, yale maneno ya kuiga sauti na hali, maana naona watu wanazitumia kama chumvi ya juu na kumbe ni nyama yenyewe. Kiswahili kimetupa kitu hapa. Mtu akianguka chini ni pu, akianguka mchangani ni tifu, akianguka majini ni chubwi. Kwa hiyo ukiniambia "alianguka chubwi" nishajua kuna maji, nishajua ameingia mzima mzima, huna haja ya kuniambia "alianguka ndani ya maji ya mto yaliyokuwa mengi kwa kishindo kikubwa chubwi". Hapo umelipa nauli mara mbili kwa safari moja. Tanakali inatoa maneno, haiongezi. Giza totoro, kimya jii, kulala fofofo, kulowa chepechepe, nyeupe pe, kila moja imebeba sentensi nzima mgongoni.

Mazoezi niliyokuwa nikiwapa vijana wa madrasa (nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili jioni, si kazi yangu rasmi) ni kufumba macho dakika mbili, wasikilize tu, halafu waandike walichosikia. Si walichofikiri, walichosikia. Mara ya kwanza wote wanaandika "ndege walikuwa wakiimba". Nawaambia ndege gani, mimi nimesikia kunguru na pikipiki. Mara ya tatu kijana mmoja akaandika jinsi bomba la uani lilivyokuwa likidondoka ndo, halafu linanyamaza mpaka unadhani limekoma, halafu ndo. Huyo alikuwa amefika. Ile nafasi kati ya ndo na ndo, hiyo ndiyo aliyoisikia yeye.

Na moyo kudunda du du du. Mtu anausikia moyo wake lini? Pakiwa kimya. Kwa hiyo kama unataka moyo udunde, kwanza nyamazisha kila kitu kingine kwenye hicho chumba. Ukinyamazisha vizuri hata du du du yenyewe hutaihitaji.

---

MtotoWaLodwar

Walimu niruhusuni nipinge kidogo. Mimi nimemaliza kidato cha nne miaka michache iliyopita, na nyumbani tulikuwa tunaongea Kiturukana, Kiswahili nilikikuta shule. Hiyo karatasi ya fotokopi mnayoicheka ndiyo ilinivusha. Nyinyi mnaongea kuhusu kufumba macho na kusikiliza bomba, sawa, mimi nilikuwa nasikia vizuri tu, lakini nilichokisikia sikuwa na neno lake kwa Kiswahili. Nilipokariri "nilipiga moyo konde" nilipata kitu cha kusema pahali nilikuwa nakaa kimya. Kama mwalimu wangu angeniambia tupa hiyo karatasi andika kutoka moyoni, ningeandika nini? "Niliogopa sana. Niliogopa sana sana."

Kwa hivyo nasema mwalimu Chaki usiitupe. Labda uwape na ukweli wa kila msemo. Sisi tulikariri "konde" na hakuna aliyetuambia ni ngumi. Siku niliambiwa na bibi mmoja wa duka pale Eldoret kwamba konde ni ngumi nilishtuka, kumbe nimekuwa nikijipiga ngumi kifuani miaka minne bila kujua! Kuanzia hapo huo msemo ukawa na mtu ndani. Nikaanza kuutumia mara moja tu, mahali mtu kweli anajilazimisha.

---

KalamuNyekundu

@MtotoWaLodwar umenishika pabaya na ninakubali. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha ya tatu kwake anahitaji akiba ya kuanzia, na sisi tuliokuwa tunaongea nyumbani tunasahau hilo haraka. Hiyo ya konde nitaiiba niende nayo darasani Jumatatu. Kitu ningeongeza ni kwamba fotokopi iwe mtaji, mtu akishaingia sokoni anunue vyake.

---

BiMkubwaMuheza

Habari zenu wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha msingi na baadaye sekondari huku Tanga kwa miaka mingi, nimeona huu mjadala nikasema nitie neno. Kwanza msije mkagombana kwa majina, huku kwetu swali lile la kuuliza kitu unachokijua tunaita tashititi, nyinyi wa Kenya naona mnasema balagha, na tashibihi yenu vitabu vyetu vingi vinaandika tashbiha. Kitu ni kile kile.

Naona mmezungumza sana picha na sauti ila hamjagusa mwendo wa sentensi, na kwangu mimi huko ndiko uhai uliko. Nawapa mfano ambao kila Mtanzania wa rika langu anaujua kwa moyo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sasa chukueni hayo maneno mkayaseme kama anavyoyasema mwanafunzi, "Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga." Sarufi safi, maana haijapungua hata punje, lakini hakuna ambaye angeikumbuka mpaka leo. Mwalimu alifanya nini? Ametanguliza jina, nyuma yake akaweka tunao, tunayo, tunayo, yaani kila kipande kinaangukia pale pale kama nyundo. Na "kumpiga" hakuogopa kuirudia mara tatu. Na tazameni vizuri, hiyo tunao na tunayo si mapambo aliyoyatafuta mahali, ni ngeli! Uwezo unataka tunao, sababu inataka tunayo. Ngeli zile zile mnazowachapia watoto ndizo zimempa muziki. Nikiwaonyesha wanafunzi hilo, somo la upatanisho wa kisarufi wanaacha kuliona adhabu.

Halafu ndo mje kwenye "ka". Sisi tuna hii ka ya kusimulia na watoto wanaiacha inaoza. Andika hivi: "Alikuja na kuketi na kuomba maji ya kunywa kisha akatueleza kwamba Juma alikuwa amefariki dunia, jambo ambalo lilituhuzunisha mno." Sasa andika hivi: "Akaja. Akaketi. Akaomba maji. Akanywa yote. Akasema Juma hatunaye." Hapo hakuna tashbiha hata moja, hakuna sitiari, hakuna wahenga. Lakini yale maji kunywewa yote, msomaji ameshajua kabla hajaambiwa. Na ile "jambo lililotuhuzunisha mno" nawaomba muifute popote mtakapoikuta, huwezi kumwambia mtu ahuzunike, unampa maji ayatazame.

Takriri nayo ina mipaka, "sana sana sana" si takriri ni uchovu.

Zoezi langu mimi lilikuwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake, ule msemo wa chini. Mwanamke anaweza kumaliza ugomvi wa miezi sita kwa kanga moja bila kufungua mdomo. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, mhusika wako leo amekasirika, atavaa kanga gani? Mwandikie jina la kanga, lisizidi maneno matano, na asimtaje mtu. Hapo wanajifunza fumbo, wanajifunza kejeli, wanajifunza kukata maneno, na wanacheka wenyewe. Mmoja aliandika "Sufuria si yako, wivu wako". Nilimpa daftari jipya.

---

MwalimuChaki (Kitui)

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote, sikutarajia haya. Kuhusu hiyo ya Nyerere nimeisema hapa staffroom kwa sauti na mwalimu wa hisabati ameinua kichwa.

Sasa niwaombe kitu. Hii hapa ni aya ya mwanafunzi wangu mmoja, ameniruhusu niiweke bila jina. Ni mtoto mzuri, ana kisa cha kweli ndani yake, kilimtokea nyumbani kwao na mdogo wake, mungu saidia mtoto alitolewa salama. Niambieni nyinyi mngeanzia wapi:

"Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku niliyoisubiri kwa hamu na ghamu. Nilirauka alfajiri na mapema huku ndege wakiimba nyimbo za kumsifu Mola. Nilikimbia kama duma kuelekea mtoni kuteka maji nikiwa nimeandamana na ndugu yangu mdogo. Punde si punde nilisikia kishindo kikubwa. Lo! Ndugu yangu alikuwa ametumbukia majini! Moyo ulinidunda du du du kama ngoma. Je, ningefanya nini? Nilipiga nduru kama mwendawazimu. Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena ya kwamba ajali haina kinga."

---

Bakari wa Kisauni

Mimi naanzia mwisho. Mdogo wako anazama na wewe umesimama ukingoni unawakumbuka wahenga? Hiyo methali ni ya kweli lakini si yake wakati huo. Methali ni maneno ya mtu aliyekaa. Labda siku tatu baadaye jirani amekuja kutoa pole amekalia kigoda anakunywa chai, yeye ndiye aseme ajali haina kinga, na kijana asikie, na labda achukie kidogo. Hapo methali imepata mwenyewe. Mpe mhusika, isiwe ya mwandishi.

Na "je, ningefanya nini" haina jibu wala haiulizi. Swali la kweli la wakati ule lingekuwa "Nani alimwambia anifuate?" Hilo lina hatia ndani yake.

---

BiMkubwaMuheza

Bakari amenitoa maneno mdomoni. Mimi ningeikata hivi, msinicheke:

"Mtungi uliponiponyoka sikuusikia ukivunjika. Nilichosikia ni chubwi. Kisha jii. Kofia yake ilikuwa juu ya maji. Kofia tu."

---

MwalimuChaki (Kitui)

Bi Mkubwa hiyo "kofia tu" imenipiga. Lakini niseme kitu kwa heshima, huku kwetu mtungi ni ule wa plastiki wa manjano wa lita 20, hauvunjiki, hata ukiugonga na gari haha. Nilimsomea mwanafunzi akasema "mwalimu, mtungi utavunjikaje?"

---

BiMkubwaMuheza

Hahaha, kumbe mnaliita dumu mtungi! Mimi nimeona chungu cha udongo kichwani kwangu, nimemtungia mtoto kisa cha zamani za bibi yake. Haya ndiyo aliyoyasema KalamuNyekundu, hiyo kitu umeiona wapi. Basi mwachie mwenyewe aseme mtungi wake ulifanyaje, mimi nimetoka.

---

MtotoWaLodwar

Mtungi wa plastiki mtupu ukianguka kwa mawe unabingirika na unaita, kong kong kong, na hausimami haraka. Mimi nimeukimbiza mara nyingi. Hiyo kelele ikiendelea huku mtoto amenyamaza majini, aki mimi ningeshindwa kusoma.

---

KalamuNyekundu

Hapo sasa. Sauti ya kitu kisicho na maana inaendelea, sauti ya mtu imekoma. Ukitaka jina la darasani ni ukinzani, lakini usimwambie jina kabla hajaandika, mwambie baadaye.

Na zile sentensi za mwanzo, Jumamosi, hamu na ghamu, ndege, zote zitoke. Kama ni siku ya kuteka maji aliisubiri kwa hamu gani? Hakuna mtoto Kenya hii anasubiri Jumamosi kwa hamu aende kuteka maji.

---

MwalimuChaki (Kitui)

Narudi baada ya wiki mbili, samahanini, tulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula.

Nilifanya hivi. Fotokopi sikuitupa (asante MtotoWaLodwar), tuliigawa darasani, kila mtu akachukua misemo mitatu akaulize nyumbani imetoka wapi na ni nani anaweza kuisema. Walirudi na vituko, kuna babu mmoja alimwambia mjukuu kwamba hajawahi kuona mtu akipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kwamba ukijaribu mafuta yote yanaisha na hujapaka kitu, ndio maana ya kudanganywa. Darasa zima lilinyamaza, kumbe wameandika hiyo kitu miaka yote hii hawajawahi kufikiria chupa. Halafu ya kufumba macho tulifanya nje chini ya mti. Kanga ilikuwa ngumu kidogo kwa wavulana lakini wasichana waliniumbua, kuna moja inanihusu mimi na sitaiandika hapa.

Si wote. Kumi hivi bado wamekimbia kama duma. Mmoja amebadilisha akaweka "kama pikipiki isiyo na breki", tunaenda polepole.

Lakini yule wa mtoni ameandika upya. Aliacha ile kong kong kong, akaweka kwamba mtungi ulibingirika mpaka ukaingia majini ukaanza kuelea, na yeye kwa sekunde moja akaufikiria mtungi kwanza, kwa sababu mama angemuuliza. Hiyo hakuna mtu hapa alimwambia. Na mwisho jioni baba anarudi, anaambiwa, na ameandika hivi, nanakili vile iko: "Baba alinyamaza kama redio lililoisha betri katikati ya habari."

---

Bakari wa Kisauni

Subhanallah. Huyo kijana mpe salamu zangu. Yaani unangoja imalizie na haimalizii.

---

KalamuNyekundu

Umempa ngapi?

---

MwalimuChaki (Kitui)

13. "Redio lililoisha", si "iliyoisha". Na makosa mengine tisa ya ngeli kama hilo. Nimemwambia arudie, nasubiri Jumatatu.